Uchomaji wa nyasi uliopangwa hifadhini: unawaongeza ndege wa nyasi au unawapunguza?

#1 Darubini ya Ikoma

Salaam, wanajukwaa. Ninaleta hoja ambayo mimi na waongoza watalii wenzangu tumeijadili mara nyingi bila kuafikiana. Kila mwaka masika yanapokatika, kati ya Mei na Julai, wahifadhi wa Serengeti huchoma kwa makusudi vipande vya nyasi ndefu za kaskazini na magharibi mwa hifadhi. Sababu zao tunazijua: kupunguza nyasi kabla jua la Septemba halijazikausha kabisa, kuotesha malisho mabichi, na kuzuia moto unaoingia kutoka mashambani. Swali langu ni la ndege.

Moto unapowashwa, ndege hujaa. Mwewe, korongo, chole na mramba huufuata mstari wa moto wakidaka panzi wanaokimbia, na mgeni yeyote mwenye kamera huondoka akiamini kwamba moto huwaletea ndege neema. Neema hiyo ni ya muda mfupi. Moshi ukishatoweka, kwale hawasikiki tena alfajiri, ndege wadogo wa jamii ya Cisticola wanaojenga viota ndani ya nyasi hawaonekani, na kweche hawana hata bua la kutua.

Ninadai kwamba uchomaji huu, hata ukifanywa kwa nia njema, unawapunguza ndege wa nyasi ndefu mwaka hadi mwaka, na kwamba umati tunaouona penye moshi unatuficha hasara hiyo. Naomba michango ya wenye ushahidi.

#2 Mhifadhi Mstaafu

Nimekusoma kwa makini, kijana wangu. Unalilinganisha eneo lililochomwa na eneo ambalo halikuchomwa, kana kwamba hilo la pili litabaki salama hadi mvua zirudi. Kwa nilivyoifahamu kazi hii, nyasi ndefu zitaungua tu. Tunachoweza kuchagua ni wakati. Zisipopunguzwa Juni zikiwa bado na unyevu chini, zitaungua Septemba au Oktoba kwa moto wa mrina asali, wa jangili anayetaka kuona mbali, au wa shamba lililo mpakani. Moto wa Juni hutambaa, huruka mabonde yenye unyevunyevu, huacha mabaka mengi yasiyoguswa, na mara nyingi umande wa usiku huuzima. Moto wa Oktoba husukumwa na upepo, hupanda hadi kwenye matawi ya migunga, na nyuma yake hubaki majivu matupu. Kwale akikimbia moto wa kwanza anafika kwenye baka la jirani, lakini akikutwa na wa pili hana pa kwenda.

Kuhusu viota, ndege wengi wa nyasi hutaga wakati wa mvua, wadudu na mbegu vinapokuwa tele. Ifikapo Juni makinda mengi yamekwisha kuruka. Ndiyo maana ratiba imepangwa hivyo.

#3 Mdau wa Seronera

Nakubaliana na Mzee. Naongeza moja tu: nyanda za kusini, zile za nyasi fupi, haziungui sana hata zikiachwa, kwa sababu nyumbu huzila kabla hazijawa na kitu cha kuchoma. Tunapozungumzia moto, tunazungumzia sehemu ya Serengeti wala si yote.

#4 Binti wa Makete

Shikamoo Mzee. Maneno yako yana uzito kwa Serengeti, lakini naomba tusiifanye Serengeti kuwa nchi nzima. Huku kwetu kuna Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Ni nyasi za milimani, sehemu kubwa ikiwa juu ya mita 2,500, mahali penye baridi kali Juni na Julai, na kalenda yake ya ndege ni nyingine kabisa.

Mfano ninaoujali ni mbayuwayu buluu, Hirundo atrocaerulea, ambaye duniani amewekwa katika kundi la spishi zilizo hatarini. Hajengi ukutani wala darini. Huingia kwenye mashimo ya ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na muhanga na yale yaliyojitokeza udongo ulipodidimia, na kuubandika udongo na nyasi kwenye ukuta wa shimo. Huwasili kwetu karibu na Septemba na kuzaa mvua zinapoendelea. Huwinda akiruka chini sana juu ya nyasi. Kwa hiyo moto wa Juni haumkuti, lakini moto wa Septemba unamkuta anaanza kutafuta shimo, katika uwanda usio na wadudu wa kutosha. Huku mioto mingi ya wanakijiji, ya kutafuta majani mabichi ya mifugo, huwashwa kiangazi kikiwa kimekomaa.

Hata hivyo siwezi kusema moto ukomeshwe. Uwanda usioungua kwa miaka hujaa vichaka, na mbayuwayu huyu hataki vichaka. Na pale ambapo nyasi zimepandwa misonobari na miwati, amekwisha kuondoka bila moto wowote.

#5 Mdau wa Seronera

Kitulo iko Mbeya, dada, nawe unaandika kama vile yote ni ya Makete.

#6 Binti wa Makete

Iko Mbeya na Njombe kwa pamoja, na Makete imo Njombe tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012. Hilo limekwisha, turudi kwa ndege.

#7 Hesabu Kwanza

Ndugu Darubini, dai lako na dai la mgeni mwenye kamera yana tatizo moja, nami naliona pia katika ripoti nyingi. Ndege aliye kwenye nyasi zinazofika kiunoni humwoni hadi umkaribie kiasi cha kumkanyaga. Ndege yule yule akiwa kwenye majivu unamwona kwa umbali mkubwa. Ukitembea mstari mmoja katika kila eneo na kuhesabu unaowaona, eneo lililoungua litashinda hata kama lina ndege wachache zaidi. Wale wa jamii ya Cisticola unaosema wametoweka mara nyingi huhesabiwa kwa sauti, na sauti zao hupungua kiangazi kila mahali, penye moto na pasipo moto, kwa kuwa si msimu wao wa kuzaa.

Hesabu inayostahili kuaminiwa hupima umbali wa kila ndege kutoka kwenye mstari wa mtembezi, ili baadaye ijulikane ni wangapi walikuwepo bila kuonekana. Pia huanza kabla ya moto, katika eneo litakalochomwa na katika eneo la kulinganishia. Bila hayo mawili tunapima urefu wa nyasi na kuuita wingi wa ndege.

#8 Darubini ya Ikoma

Mwalimu, hoja ya kuonekana naikubali kwa mwewe na korongo, lakini naona inanisaidia. Kama majivu humwonyesha kila ndege, na bado mimi sioni kwale kwenye majivu, basi kwale hayupo.

#9 Hesabu Kwanza

Hayupo hapo. Swali la uzi wako ni kama amepungua. Kwale aliyehamia baka la jirani hajapungua, ila baka hilo sasa lina msongamano, na msongamano una gharama zake: chakula kidogo, na mwindaji anayejua pa kutafuta. Ili kusema amepungua, lazima umfuate hadi mvua zinazofuata, umwone kama amerudi na kama amezaa.

#10 Kijana wa Malambo

Naandika nikiwa upande wa wafugaji wa Ngorongoro na Loliondo. Wamaasai wamechoma nyasi tangu zamani ili kuua kupe na kuleta majani laini kwa ng'ombe, na hawakuchoma nchi nzima kwa mara moja. Walichoma kipande, wakaacha kipande cha akiba ya kiangazi, na mwaka uliofuata wakabadilisha. Mzee wa boma alijua wapi pameungua na wapi pamepumzika. Matokeo yake yalikuwa ardhi yenye nyasi za kila umri: zilizochipua juzi, za mwaka jana, na nzee zilizoinama.

Ninachoamini ni kwamba ndege wa huku walizoea mchanganyiko huo. Tandawala hutembea kwenye nyasi fupi akitafuta panzi, lakini akiwa na kifaranga hutaka mahali pa kujificha. Ndege karani naye hupenda kupita kwenye ardhi iliyoungua, kwa sababu nyoka na panzi hawana pa kujificha, huku kiota chake kikiwa juu ya mgunga. Moto mkali ukiuangusha mgunga huo, mawindo yote yale hayamsaidii. Huyu ametajwa tangu mwaka 2020 kuwa katika hatari ya kutoweka duniani. Kwangu mimi, kuuliza kama moto ni mzuri au mbaya bila kuuliza ukubwa wa kipande ni kuacha nusu ya swali.

#11 Mdadisi wa Bariadi

Naomba kuuliza wataalamu. Panzi wanaungua, nyasi zinaungua, sasa hao ndege wanaobaki kwenye majivu wanakula nini wiki ya pili na ya tatu?

#12 Mhifadhi Mstaafu

Swali zuri. Moto wa nyasi hupita haraka, na udongo ni kinga kubwa. Sentimita chache chini ya uso joto hubadilika kidogo tu. Mchwa, siafu na mabuu ya mende wengi hubaki hai. Mbegu zilizodondoka huonekana wazi, na baada ya muda machipukizi huvutia wadudu wapya, pamoja na swala ambao kinyesi chao huvutia wadudu wengine. Kwa hiyo chakula chenyewe kinaweza kuwa kidogo kuliko kwenye nyasi ndefu, lakini hupatikana kwa urahisi zaidi. Kipozamataza na kipimanjia wanaokimbia ardhini hunufaika. Anayedona kwenye mashina na mabua hanufaiki.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania na wenzao walilinganisha maeneo ya Serengeti yaliyoungua, yaliyolishwa na wanyama na yasiyoguswa, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Mabadiliko waliyoyaona yalihusu pia muundo wa jamii ya ndege: baadhi ya spishi huondoka na nyingine huingia. Mtu akijumlisha idadi yote ya ndege bila kutaja ni nani, hasara na faida vinafutana.

#13 Mtaa wa Manhattan, Kansas

Nawasalimu kutoka Marekani, ninakoishi karibu na Konza Prairie, kituo cha utafiti wa nyasi ndefu kilichoanza mwaka 1971. Nachangia kwa sababu jambo mnalolijadili limefanyiwa majaribio hapa kwa miaka mingi. Eneo limegawanywa katika mabonde madogo, na kila bonde lina zamu yake: mengine huchomwa kila mwaka, mengine kila baada ya miaka miwili, minne, na hata ishirini. Nyati wa Marekani walirudishwa humo mwaka 1987.

Kuna ndege mdogo aitwaye Henslow's sparrow anayehitaji tabaka la nyasi zilizokufa zikiwa zimelala chini; bonde likichomwa, mwaka huo humpati. Na kuna kuku wa porini wa nyanda hizi, Tympanuchus cupido, ambaye anaonyesha ugumu wote wa jambo hili. Madume yake hukusanyika na kucheza mbele ya majike mahali penye nyasi fupi, hivyo ardhi iliyoungua huwafaa, lakini jike hutaga kwenye nyasi zilizobaki tangu mwaka uliopita. Wafugaji wa Flint Hills wanapochoma karibu kila kitu kila majira ya kuchipua na kuingiza ng'ombe wengi mara moja, dume ana uwanja na jike hana pa kutagia. Jirani zao wa Oklahoma wamejaribu kuchoma takriban theluthi moja ya eneo kila mwaka na kuwaacha wanyama wachague wenyewe pa kulisha. Wanyama hukimbilia palipoungua, nyasi za kwingine hurefuka, na ndege wa aina zote mbili hupata nafasi. Ndugu wa Malambo, hayo ndiyo uliyoyaeleza ya wazee wenu.

#14 Kijana wa Malambo

Asante, ndugu. Na huku tuna kweche wa Jackson, Euplectes jacksoni, katika nyanda za juu za Loliondo na za Kenya. Dume hukanyaga uwanja mdogo wa mviringo katikati ya nyasi na kurukaruka humo ili aonekane, na jike hujenga kiota chini kwenye nyasi. Zikiungua zote hana uwanja wala kiota.

#15 Mdau wa Seronera

Ndugu wa Kansas, mlinganisho huo upokelewe kwa tahadhari. Kansas wana ng'ombe ndani ya uzio. Sisi tuna nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama, na nadhani hao ndio maelezo makubwa kuliko yote yaliyotolewa hapa. Tukumbuke historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Serengeti ilikuwa na nyumbu wapatao 250,000, kwa sababu sotoka ilikuwa imewazuia kuongezeka, na sehemu kubwa ya hifadhi iliungua kila mwaka. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa na sotoka ikakoma, nyumbu walifika takriban 1,300,000 mwaka 1977. Walikula nyasi, na mioto ikapungua sana bila amri ya mtu.

Kwa hiyo kama kwale na Cisticola wamepungua mahali fulani tangu enzi za babu zetu, huenda ni kwa midomo ya nyumbu kuliko kwa kiberiti cha mhifadhi. Kwa ndege anayetaka nyasi ndefu, nyasi iliyoliwa na nyasi iliyoungua zote ni nyasi ambayo haipo.

#16 Hesabu Kwanza

Haziko sawa. Aliyekula huacha shina, kivuli na kinyesi, huku aliyechoma akiacha ardhi nyeusi inayopata joto kali mchana. Pia nyumbu hula kidogo kidogo kwa wiki nyingi, wakati moto hupita mara moja. Ndege hupata nafasi ya kusogea kwa namna tofauti.

#17 Tussock ya Kinangop

Hamjambo majirani. Nachangia kutoka Nyandarua, Kenya, nikiwa na mfano wa pembeni kidogo. Kwetu Kinangop kuna ndege asiyepatikana nje ya Kenya, Macronyx sharpei, mwenye kifua cha njano na ukucha mrefu wa nyuma, naye ametajwa kuwa hatarini kutoweka. Kiota chake hukificha kwenye vishungi vya nyasi. Akichomewa vishungi hivyo hupoteza kiota na maficho. Lakini niseme ukweli: nyasi alizokuwa akiishi zimelimwa viazi na kabichi katika mashamba ya watu binafsi, na jembe halina msimu wa kupumzika. Nyasi zilizoungua zikiachwa huota tena. Ninaposoma mabishano ya Juni na Oktoba, natamani tungekuwa na uwanda mkubwa wa kubishania.

#18 Darubini ya Ikoma

Pole kwa hayo, ndugu wa Kinangop.

Nimjibu Mzee kuhusu msimu wa kutaga, kwa sababu ratiba nzima imesimama juu yake. Si ndege wote wanaosubiri mvua. Mbuni hutaga wakati wa kiangazi na kuatamia kwa takriban wiki sita, ili vifaranga watoke mvua zikikaribia. Moto wa Agosti au Septemba, hata ukiitwa wa kupangwa, unaweza kumkuta juu ya mayai. Na kuna Cursorius temminckii, yule mwembamba mwenye miguu mirefu anayekimbia na kusimama ghafla. Huyu hutaga kwenye ardhi iliyoungua yenyewe, na mayai yake yana madoa meusi mengi kiasi kwamba usipojua hutayatofautisha na kinyesi cha swala penye majivu. Gari la doria likirudi kuchoma mabaka yaliyobaki, au likikatiza hapo kufungua njia ya moto, mayai hayo hayaonekani kabisa.

#19 Mhifadhi Mstaafu

Umeeleza vizuri, na huyo wa mwisho ni shahidi wangu. Ndege hawezi kuwa na mayai yanayofanana na ardhi iliyoungua isipokuwa moto umekuwepo katika maisha yake kwa vizazi vingi mno kabla ya hifadhi yoyote. Ukiondoa moto, unamwondolea mahali pa kutagia.

#20 Mkereketwa wa Historia

Kwa kuwa tumefika kwenye historia, niongeze kwamba hata wazo la kuchagua mwezi wa kuchoma si geni. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliandaa uchomaji mkubwa huko Shinyanga, na ulifanywa mwishoni mwa kiangazi kwa makusudi, ili moto uwe mkali, uue vichaka na kuwafukuza mbung'o. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Charles Swynnerton, ambaye alikuwa pia mjuzi mkubwa wa ndege. Kwa hiyo moto wa Oktoba ambao Mzee anausema kwa ubaya ulikuwa dawa rasmi, kwa lengo lingine.

#21 Binti wa Makete

Na lengo hilo la kuua vichaka bado lipo. Moto wa mapema kila mwaka ni hafifu mno kuweza kuua mche wa mgunga uliokwisha kushika. Mkiendelea na Juni pekee kwa miaka mingi, mnaweza kulinda viota leo na kuukabidhi uwanda kwa miti kesho, na kipozamataza hana kazi msituni. Naona hapa ratiba inayomfaa ndege mmojammoja inaweza isimfae uwanda wenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo hatujaligusa. Mbayuwayu buluu akimaliza kuzaa kwetu huhamia kaskazini, kwenye nyasi za ukanda wa Ziwa Victoria, na nchini Kenya huonekana katika Hifadhi ya Taifa Ruma kati ya Aprili na Septemba. Huko nako nyasi huungua, kwa kalenda ya huko. Tukihesabu Kitulo tukakuta wamepungua, tutaulaumu moto wa upande gani?

#22 Hesabu Kwanza

Hilo linawahusu pia korongo weupe na vipanga wanaotoka Ulaya na Asia, wanaokuja kula panzi kwenye nyanda zetu kuanzia Oktoba na Novemba. Idadi yao hapa inategemea mvua, panzi, na mambo yanayotokea mbali sana. Ndiyo maana napendekeza tuanze na ndege asiyehama. Chukueni kwale na Cisticola mmoja, vipande vinne vinavyolingana, viwili vichomwe Juni na viwili viachwe, na hesabu ifanywe kwa umbali kabla ya moto, wakati wa machipukizi, na katikati ya mvua zinazofuata.

#23 Mhifadhi Mstaafu

Vile viwili vinavyoachwa nani atavilinda visiungue Septemba?

#24 Kijana wa Malambo

Vizungushiwe ukanda uliochomwa mapema, Mzee. Boma hulindwa hivyo.

#25 Mhifadhi Mstaafu

Basi vitakuwa visiwa vya nyasi ndefu katikati ya majivu, na kila kwale wa jirani atakimbilia humo. Mwalimu atahesabu wakimbizi.

#26 Hesabu Kwanza

Ndiyo maana hesabu ya tatu, ile ya mvua, ndiyo yenye uzito kwangu, wakati nyasi zitakapokuwa zimerefuka pande zote na kila jozi imerudi mahali pake.

#27 Darubini ya Ikoma

Wakirudi. Mimi nitakubali kwamba kwale hawakupungua nikiwasikia mwezi Machi wakiita ndani ya vipande vilivyochomwa, na wana vifaranga.